Dur-Dur ya Mogadishu: Ni kanda ipi iliyo bora?

WAPENZI wa muziki wa roki Ulaya na Marekani hawachoki kubishana. Kila bendi kongwe ina mashabiki wanaoshikilia kwamba albamu fulani ndiyo kilele chake, na wengine wanaoapa kwamba kilele hicho kilifikiwa miaka mitatu kabla yake. Ubishi huo una msingi mmoja ambao hautajwi: albamu zote zipo. Anayetaka kulinganisha ya kwanza na ya kumi huzitoa kabatini, akazisikiliza, kisha akatoa uamuzi wake.

Kwa Wasomali waliokimbilia kambi za Dadaab, Kaunti ya Garissa, swali hilo lina sura nyingine. Kwa aliyekuwa kijana mjini Mogadishu katika miaka ya themanini, bendi ya kubishaniwa kwa kiwango hicho ni Dur-Dur. Lakini kabla ya kuuliza ni kanda gani ya Dur-Dur iliyo bora, sharti kwanza iulizwe ni zipi zilizosalia.

Makala haya yanaeleza bendi hiyo ilikuwa ipi, muziki wake ulifikaje kwa watu, kanda zake zilipotelea wapi, na anayetaka kuijua leo aanze na ipi.

Bendi isiyokuwa ya serikali

NENO "durdur" kwa Kisomali ni kijito au chemchemi ya maji. Bendi hiyo iliundwa Mogadishu katika miaka ya themanini chini ya uongozi wa mpiga kinanda Isse Dahir Qassim.

Ili kuelewa upekee wake, ni lazima ikumbukwe jinsi sanaa ilivyoendeshwa Somalia wakati huo. Baada ya Jenerali Mohamed Siad Barre kutwaa madaraka Oktoba 1969, muziki ulitiwa mikononi mwa dola. Kundi la Waaberi lilikuwa la taifa. Bendi ya Iftin ilikuwa chini ya Wizara ya Elimu, Horseed ilikuwa ya jeshi na Heegan ya polisi. Wanamuziki walipokea mshahara wa serikali, na nyimbo nyingi zilirekodiwa katika studio za Redio Mogadishu.

Dur-Dur ilikuwa bendi ya binafsi. Haikulipwa na wizara wala kikosi chochote, hivyo ilitegemea watu waliolipa kiingilio kwenye kumbi na hoteli za mji mkuu. Hali hiyo iliilazimu kupiga muziki wa kuwainua watu vitini, na ndiyo iliyouzaa mtindo wake.

Mtindo huo ulikuwa mchanganyiko. Gitaa la besi, ngoma na saksafoni zilifuata funk na disko za Marekani, huku reggae ya Jamaica ikisikika kila mara. Chini ya hayo yote palikuwa na midundo ya nyumbani. Upo dhaanto, ambao mwendo wake unafanana mno na reggae na ambao Wasomali wa Garissa huucheza harusini. Ipo pia ngoma ya saar, inayohusishwa na kupandisha pepo, na muziki wa Banaadir, yaani ule wa pwani ya Mogadishu, Marka na Barawa. Msomaji wa Kiswahili hapaswi kuuona ukanda huo kuwa wa mbali: wenyeji wa Barawa huzungumza Chimwini, lahaja ya Kiswahili.

Miongoni mwa waimbaji wake, aliyetia fora ni Sahra Abukar Dawo, mwanamke aliyejiunga na bendi angali kijana. Kufikia mwaka 1987 alikuwa akisimama mbele ya maikrofoni pamoja na Abdinur Adan Daljir, Mohamed Ahmed Qomal na Abdukadir Mayow Buunis.

Albamu iliyokuwa kaseti

NENO "albamu" linahitaji uangalifu hapa. Nchini Kenya, katika miaka ya sabini, wimbo ulimfikia msikilizaji kwa santuri ndogo, upande mmoja sehemu ya kwanza na upande wa pili sehemu ya pili. Mogadishu ya miaka ya themanini ilikuwa mji wa kaseti. Bendi ilirekodi, kanda ikapelekwa dukani, na mwenye duka akawanakilia wateja nakala moja baada ya nyingine. Msomaji wa Mombasa anayekumbuka kanda za taarabu za Mbwana Radio Service anaujua vyema utaratibu wa kazi kama hiyo.

Kaseti ilikuwa na nguvu ya pekee kwa Wasomali. Lugha yao ilipata maandishi rasmi mwaka 1972 tu, na hata baada ya hapo habari, mashairi na salamu ziliendelea kusafiri kwa sauti. Familia zilirekodi barua zao kwenye kanda, na washairi walioukosoa utawala walisikika kwa kanda zilizopitishwa mkono kwa mkono.

Utaratibu huo ulikuwa na faida na hasara. Faida ni kwamba muziki ulifika kila mahali kwa bei nafuu. Hasara ni kwamba kila nakala iliyotolewa kwenye nakala ilipungua ubora, majina ya wapigaji hayakuandikwa, na ile kanda ya kwanza, ambayo ndiyo mama ya nyingine zote, haikutunzwa kila mara. Dur-Dur ilizitambulisha kanda zake kwa nambari. Kabla ya kutawanyika ilikuwa imetoa takriban kumi na moja au kumi na mbili.

Kutoka Mogadishu hadi Ifo

JANUARI 1991 serikali ya Siad Barre iliangushwa na Mogadishu ikawa uwanja wa vita. Wanamuziki walikimbia pamoja na wasikilizaji wao. Wa Dur-Dur walipitia Ethiopia na Djibouti, na baadhi yao, akiwemo Sahra Dawo, hatimaye wakafika Marekani.

Wasikilizaji wengi walielekea kusini-magharibi na kuvuka mpaka Liboi. Kambi ya Ifo ilifunguliwa mwaka 1991, Dagahaley na Hagadera zikafuata mwaka 1992. Zote tatu zilikusudiwa watu 90,000. Kufikia mwaka 2011 Dadaab ilikuwa na karibu nusu milioni, na kwa miaka mingi ilitajwa kuwa makao makubwa zaidi ya wakimbizi duniani.

Mkimbizi hubeba vitu vichache. Kaseti ni nyepesi, huingia mfukoni, na haihitaji nyaya za umeme mradi betri zipatikane. Aliyevuka na kanda moja alivuka na bendi nzima, na kanda hiyo, hata kama haikuwa bora miongoni mwa kanda zote za bendi, ndiyo iliyokuwa bora kwake.

Dadaab haina kumbukumbu moja ya muziki. Wale wa mwaka 1991 walitoka katika mji wenye kumbi za dansi. Wengi wa wale wa mwaka 2011, waliofukuzwa na njaa iliyotangazwa rasmi Julai mwaka huo, walitoka maeneo ya kusini yaliyoshikiliwa na Al-Shabaab, ambako muziki ulikuwa umepigwa marufuku. Hata Mogadishu kwenyewe, Aprili 2010, kundi la Hizbul Islam liliziamuru redio zikome kupiga muziki. Nyingi zilitii, na baadhi zikaweka mlio wa mawimbi au wa bunduki pale palipokuwa na wimbo wa kutambulisha kipindi. Redio Mogadishu, ya serikali, ilikuwa miongoni mwa chache zilizokaidi.

Hivyo mzee wa Ifo na kijana aliyefika Dagahaley miaka 20 baadaye wangeweza kutoka wilaya moja, wakasema lugha moja, na mmoja wao asiwe amewahi kuisikia Dur-Dur.

Zilizorejea

KANDA ya kwanza kurejea mbele ya ulimwengu ilikuwa Volume 5, iliyorekodiwa Redio Mogadishu mwaka 1987. Ilitolewa upya mwaka 2013 na kampuni ya Awesome Tapes From Africa ya Marekani, ambayo hugawana mapato na wanamuziki. Mwaka huohuo Waayaha Cusub, kundi la vijana wakimbizi wa Eastleigh, Nairobi, lilikwenda kutumbuiza Mogadishu. Kizazi kimoja kilikuwa kikirudi kwa kanda, kingine kwa miguu.

Mwaka 2017 kampuni ya Ostinato ilitoa mkusanyo wa Sweet as Broken Dates, wenye nyimbo za Dur-Dur, Iftin, Waaberi na wengineo. Sehemu kubwa ilitoka katika hifadhi ya kanda mjini Hargeysa, ambako baadhi ya kaseti na tepu zilikuwa zimefukiwa ardhini mwaka 1988 ili zisiteketee katika mabomu ya majeshi ya Barre. Mkusanyo huo uliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy.

Mwaka 2018 ilikuwa zamu ya Analog Africa ya Ujerumani, iliyotoa Volume 1 na Volume 2 za Dur-Dur kwa pamoja, zikiwa na nyongeza ya nyimbo ambazo hazikuwahi kutolewa. Mwanzilishi wake, Samy Ben Redjeb, alifika Mogadishu mwaka 2016 na kupekua hifadhi ya redio ya taifa.

Mwisho ni The Berlin Session ya mwaka 2023. Hiyo si kanda ya kale, bali ni kazi ya Dur-Dur Band International, bendi iliyoundwa London na wanamuziki Wasomali wanaoendeleza mtindo huo.

Uamuzi

ANAYETAKA kuchagua, basi, ana kanda tatu za asili mbele yake, na kila moja ina mawakili wake.

Volume 1 ina hoja ya msingi. Hapa ndipo bendi inapoonyesha kwamba wimbo wa kimila unaweza kuvikwa gitaa la umeme usipoteze asili yake. Vibao Yabaal na Ohiyee, vilivyomo katika toleo la mwaka 2018, ni ushahidi tosha. Anayetafuta mdundo wa kucheza na sauti iliyosafishwa vyema aanzie hapo.

Volume 2 ni ndugu ya ile ya kwanza. Ni vigumu kuitetea peke yake kwa kuwa toleo la sasa limeziunganisha, na hakuna haja ya kuzitenganisha.

Volume 5 ina kasoro moja ambayo haifichiki: mchakacho. Ilitengenezwa upya kutokana na nakala ya kaseti. Sauti za juu zimefifia, na mvumo wa kanda unasikika tangu mwanzo hadi mwisho. Msikilizaji aliyezoea ufasaha wa kidijitali huenda akaizima kabla ya wimbo wa pili.

Hata hivyo, hii ndiyo inayostahili nafasi ya kwanza, kwa sababu tatu. Mosi, ni kanda kamili: inaanza na utambulisho wa bendi na kuendelea hadi tamati, kama alivyoipokea mnunuzi wa mwaka 1987. Pili, bendi ilikuwa imekomaa, ikiwa na waimbaji wanne wakuu, tarumbeta na saksafoni mbili. Katika wimbo kama Dooyo, kinanda, gitaa na ngoma vinapishana bila kugongana, jambo ambalo bendi changa haiwezi. Tatu, mchakacho wenyewe ni sehemu ya historia. Hivyo ndivyo walivyoisikia wengi wa waliovuka Liboi.

Uamuzi huo, lakini, ni wa muda. Bendi iliyotoa kanda karibu kumi na mbili haiwezi kuhukumiwa kwa tatu. Haijulikani kama kilele chake hakimo katika kanda ambayo leo iko ndani ya sanduku la bati mahali fulani kati ya Hagadera na Columbus.

Kuitunza iliyobaki

MWENYE kaseti ya kale ana jambo la kufanya. Utepe wa kaseti ni plastiki nyembamba iliyopakwa unga wa chuma kwa gundi. Joto huilegeza gundi, unyevu huleta ukungu, na vumbi hukwaruza utepe kila unapopita kwenye kichwa cha mashine. Dadaab ina joto na vumbi kwa wingi.

Kanda iwekwe ndani ya kasha lake, isimamishwe wima, mbali na jua na mbali na spika, kwani sumaku ya spika hufuta sauti. Vijipande viwili vya plastiki vilivyo kwenye ukingo wa juu vivunjwe ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Iwapo haijachezwa kwa miaka mingi, izungushwe taratibu mbele na nyuma kwanza, tena kwa mashine iliyosafishwa kichwa. Mara ya kwanza kuchezwa ndiyo iwe mara ya kunakiliwa kwenye kompyuta, kwa sababu yaweza kuwa ya mwisho. Na jina la bendi, mwimbaji na mwaka viandikwe maadamu yupo mzee anayevikumbuka.

Hilo la mwisho ndilo la dharura kuliko yote. Mashine hupatikana sokoni, lakini aliyeusikia wimbo ukipigwa ukumbini Mogadishu akishafariki, hakuna fundi wa kumrudisha. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.