Samaki wa mahameli

Leo siandiki habari za mishono. Nataka kuwasimulia samaki mmoja mgonjwa, na historia niliyoiokota wakati namuuguza hapa Mombo.

Samaki mwenyewe ni beta, wale wa mapambo wenye mkia mpana kama shela ya bibi harusi. Mjomba wake binti yangu alimleta kutoka Dar es Salaam ndani ya mfuko wa nailoni uliojazwa hewa, akashuka naye pale mabasi yanaposimama abiria wapate chakula. Tukamweka kwenye bakuli la kioo, juu ya meza yangu ya kukatia nguo. Binti akamwita Zari. Wateja wakija kupimwa humsalimia Zari kwanza, mimi baadaye.

Mwezi wa saba, usiku ulipoanza kuwa wa baridi, Zari akaacha kula. Akakunja mapezi, akawa anajisugua kwenye jiwe. Mwilini akatoka vumbi la rangi ya dhahabu, na mimi kwa kutojua nikasema mashallah, anazidi kupendeza! Siku ya pili binti akammulika kwa tochi ya simu kutoka ubavuni. Nimeshona mahameli miaka mingi, ule mng'ao unaobadilika ukikigeuza kitambaa naujua. Nikampigia kijana mmoja anayeuza samaki wa mapambo, nikamweleza. Hakuniacha nimalize. "Dada, huo ndio unaitwa ugonjwa wa mahameli."

Nilidhani ananitania kwa sababu mimi fundi. Kumbe wafugaji wa samaki huko Ulaya wanauita hivyo tangu zamani. Chanzo chake ni kiumbe kidogo mno kinachojibandika kwenye ngozi na kwenye matamvua, na hayo matamvua ndiyo samaki anapumulia. Kikishiba kinaanguka chini, kinajigawa vingi, na watoto wake wanaogelea kutafuta samaki wa kumshika. Mtaalamu wa Ujerumani, Wilhelm Schäperclaus, alikieleza mwanzoni mwa miaka ya 1950. Cha ajabu, kina rangi ya kijani ndani yake kama majani, kwa hiyo mwanga unakisaidia kuishi.

Beta naye ana safari yake. Kwao ni Thailand, zamani ikiitwa Siam, ambako watu walimfuga kwa ajili ya kupiganisha madume. Inasimuliwa kwamba mwaka 1840 Mfalme Rama III alimpa daktari wa Kidenmaki, Theodore Cantor, samaki kadhaa, na Cantor akaandika habari zao mwaka 1849. Jina la kitaalamu analotumia hadi leo, Betta splendens, alipewa mwaka 1910 na Charles Tate Regan wa makumbusho ya London. Mwaka 2019 Thailand ikamtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa. Wenzetu wanajua kuenzi cha kwao.

Lakini kilichoniondoa usingizi ni kingine. Kila niliposoma habari za ugonjwa wa mahameli, beta alitajwa pamoja na samaki wengine wadogo wanaoupata kirahisi vilevile, na hao ni wa kwetu kabisa.

Mmoja ni wa kisiwani kwenu, dada wa Unguja. Mjerumani Franz Stuhlmann alimkusanya huko mwishoni mwa miaka ya 1880, na mwaka 1893 Georg Pfeffer wa Hamburg akamwita Nothobranchius guentheri. Anaishi kwenye madimbwi ya mvua. Dume ana mkia mwekundu na magamba yanayometa, jike ni wa kahawia tu, hana makuu. Dimbwi likikauka wote wanakufa, lakini mayai yao yanabaki hai ndani ya tope mpaka mvua nyingine. Uhai wao ni mfupi, na ndiyo maana katika miaka ya 1970 wataalamu walimtumia kuchunguza jinsi viumbe wanavyozeeka. Wafugaji wa ng'ambo wamezoea kumtilia chumvi kidogo kwenye maji, wakiogopa mahameli huyuhuyu.

Stuhlmann baadaye akawa mkuu wa taasisi ya utafiti ya Wajerumani kule Amani, kwenye milima ya Usambara, iliyoanzishwa mwaka 1902. Hapo alifanya kazi mtaalamu wa wanyama Julius Vosseler, katika miaka ambayo reli ya kutoka Tanga ilikuwa inapandisha kuja kwetu. Mombo ilifika mwaka 1905. Kuna samaki wa madimbwi wa bonde hili la Pangani mwenye jina la Vosseler: Nothobranchius vosseleri, aliyeandikwa na Ernst Ahl wa Berlin mwaka 1924. Nimekulia hapa, nimeruka madimbwi hayo nikienda shule, na jina lake nimelisoma kwenye simu nikiwa mama mtu mzima.

Basi nikamtibu Zari kwa njia ya hao wafugaji wa mbali. Kijana wa Dar alinikubalia. Maji ya bomba niliyaacha kwenye ndoo usiku kucha ili dawa ya kusafishia maji ipungue. Chumvi kijiko kimoja cha chai kwa lita tano, nikiikoroga pembeni kwanza, simwagii samaki. Bakuli nikalifunika kwa kitambaa cheusi cha baibui ili kile kiumbe kikose mwanga. Usiku nikaliweka ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, maana beta anataka joto la nyuzi 25 hadi 28. Kila asubuhi nikabadilisha robo ya maji, na yale mapya nayo niliyatia chumvi kwa kipimo kilekile.

Siku ya nne vumbi lilipungua, binti akataka tufunue. Nikakataa. Vumbi likitoka mwilini, vingine bado viko chini vinajigawa, kwa hiyo tuliendelea hadi siku kumi na mbili. Kilio kilikuwepo, si cha samaki, cha mtoto! Siku ya tisa Zari alikula punje moja ya chakula, akatema, akaila tena.

Pezi moja limebaki limechanika ukingoni, sijui kama litaota sawasawa. Binti ameuliza kama tunaweza kumtafutia Zari mwenzake kwenye dimbwi lililo nyuma ya mashamba, mvua zikianza. Nimemwambia kwenye bakuli hapana, watadhuriana. Ila kwenda kuwaangalia tutakwenda, na ndoo tutaiacha nyumbani.