Shotigani ya ulinzi wa nyumbani: Mambo ya kuzingatia kabla ya kununua

MKAZI wa Kisiwa cha Goziba, wilayani Muleba, mkoani Kagera, anayetaka shotigani ya kulinda nyumba na zana zake za uvuvi, anapaswa kutazama ukuta wa jirani yake kabla ya kuchagua aina ya bunduki.

Goziba ni kisiwa cha wavuvi ndani ya Ziwa Victoria. Katika ziwa hilo wavuvi wamekuwa wakiporwa injini, nyavu na samaki na majambazi wenye silaha, hali inayowafanya baadhi yao watamani kuwa na bunduki.

Umiliki huo unaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Namba 2 ya mwaka 2015. Sheria inamtaka mmiliki awe na leseni, na kabla ya leseni awe na cheti cha umahiri wa kutumia silaha. Maombi huanzia serikali ya kijiji au mtaa na kupanda hadi polisi.

Shotigani hupimwa kwa geji. Namba ikiwa ndogo, mtutu huwa mpana. Geji 12 ina upana wa takriban milimita 18.5, na geji 20 takriban milimita 15.6. Geji 12 humgonga mpigaji begani kwa nguvu zaidi, hivyo mwenye umbo dogo huimudu vyema geji 20.

Bunduki ya mitutu miwili hubeba risasi mbili tu, lakini ikifunguliwa huonyesha mara moja kama ina risasi. Ya pampu hubeba zaidi, ila huhitaji mazoezi, kwani mwenye hofu asipoivuta hadi mwisho risasi inaweza kukwama.

Wengi huamini kuwa marisau hutawanyika na kujaza chumba. Si kweli. Kwa umbali wa chumbani husambaa sentimita chache tu, hivyo kulenga ni lazima.

Hatari kubwa ni yale yanayokosa shabaha. Katika kambi za uvuvi nyumba za mabati na mbao hubanana, na marisau makubwa hutoboa kuta hizo na kumfikia aliyelala nyumba ya pili. Marisau madogo ya ndege huishiwa nguvu mapema, lakini kwa karibu nayo hutoboa bati.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inampa kila mtu haki ya kujilinda yeye na mali yake, kwa kutumia nguvu inayohitajika tu. Anayempiga risasi mwizi anayekimbia anaweza kugeuka mshtakiwa.

Bunduki inapaswa kufungiwa, risasi zikiwekwa mbali nayo, na chuma kipakwe mafuta kwa sababu ya unyevu wa ziwa. Isiyofungiwa huweza kuibwa na kurudi mlangoni mikononi mwa jambazi.

Kwa wanaomiliki silaha bila kibali, Umoja wa Afrika umetenga Septemba ya kila mwaka hadi 2030 kuwa mwezi wa kuzisalimisha kwa hiari.