Uchovu Usioandikwa Daftarini: Wabebaji na Wakulima wa Kasongo na Kabambare

Kwa karibu miaka mia moja, kazi ya watu wa kusini mwa Maniema, mashariki mwa Kongo, ilipimwa kwa mizani: kwanza frasila za pembe za ndovu, baadaye kilo za pamba. Mzigo ukifika salama, hesabu ilikuwa imekamilika. Aliyeubeba alikuwa katika hali gani, daftari halikuuliza. Kwa hiyo historia ya uchovu katika eneo hili imebaki vipande vipande, na kipande kilicho wazi kuliko vyote kiliandikwa na mgonjwa.

Biashara ya Waswahili na Waarabu iliingia Maniema katika miaka ya 1860. Misafara ilitoka Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika, ikapita Kabambare, kisha ikashuka hadi Kasongo na Nyangwe, karibu na mto Lualaba. Mpagazi wa kukodiwa alibeba kwa kawaida frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na juu yake mkeka, chungu na chakula chake mwenyewe. Lakini kazi yake ilikuwa na desturi zilizomlinda. Alidai posho, alidai siku za kupumzika baada ya mwendo mrefu, na kiongozi aliyekaza mwendo kupita kiasi aliamka asubuhi akakuta mizigo imetupwa na watu wametoroka. Mateka waliofungwa minyororo walipita njia hiyohiyo bila desturi hata moja ya kuwakinga.

Mgonjwa aliyetajwa mwanzoni ni mpelelezi David Livingstone. Alirudi Bambarre, Kabambare ya leo, tarehe 22 Julai 1870 akiwa na wafuasi watatu tu: Susi, Chuma na Gardner. Miguu yake ilikuwa imeliwa na vidonda, akalala kibandani hadi Oktoba. Dawa iliyomfaa hatimaye ilikuwa jiwe la kijani la malakiti, likisagwa kwa maji juu ya jiwe na kupakwa kwa unyoya. Chakula alikipata kwa hisani ya mfanyabiashara Muhammad bin Gharib. Hata hivyo kalamu haikupumzika. Aliendelea na shajara na barua, na karatasi zilipokwisha aliandika juu ya kurasa zilizokwisha kuchapwa. Aliyesoma barua zake Ulaya angedhani kazi inasonga mbele, kumbe mwandishi hawezi kutembea.

Katika kipindi hicho cha kukaa Bambarre ndipo alipoandika juu ya ugonjwa aliouita wa ajabu kuliko yote aliyoyaona nchini: kuvunjika moyo. Uliwashika watu waliozaliwa huru kisha wakatekwa. Mateka wa mfanyabiashara Syde bin Habib walistahimili minyororo na mwendo wakionekana wazima, mpaka walipovushwa Lualaba na kuona mto mpana uko kati yao na kwao. Ndani ya siku tatu walianza kufa. Hawakulalamikia kitu ila moyo, na waliweka mkono mahali penyewe. Wenye kuwamiliki walishangaa, kwa sababu wakati huo mateka walikuwa wanakula vizuri na hawakupewa kazi. Watoto walikwenda na msafara kwa uvumilivu mkubwa, lakini wakipita karibu na kijiji na kusikia ngoma zikichezwa, walikumbuka nyumbani, wakalia, na nguvu zikawaishia upesi.

Maelezo haya yana thamani kubwa, maana yanaonyesha kwamba chakula na kulala havikutosha kumponya mtu. Livingstone alipata nafuu, akaondoka Februari 1871 kuelekea Nyangwe. Mapumziko yake, pamoja na dhiki zake zote, yalikuwa ya mtu aliyejua ataondoka kwa hiari yake. Mateka hakuwa na hilo.

Kasongo, makao ya mfanyabiashara Tippu Tip na baadaye ya mwanawe Sefu, ilitekwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo chini ya kamanda Dhanis mnamo Aprili 1893. Ubebaji haukukoma; ulipata bwana mwingine. Katika vita vya 1914 hadi 1918, Wabelgiji, waliokuwa sasa watawala wa Kongo, walikusanya zaidi ya wabebaji 200,000 kwa ajili ya mapigano ya Afrika Mashariki. Reli ya kutoka Kindu hadi Kongolo, iliyoanza kazi mwaka 1911, iliwaondolea mzigo watu wengi, ila ilipita ng'ambo ya magharibi ya Lualaba. Kasongo na Kabambare zilibaki upande wa pili.

Kisha ikaja pamba. Sheria ya 1917 ililazimisha vijiji kutoa hadi siku 60 za kazi kwa mwaka katika mazao yaliyoamriwa, na Maniema ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kuionja. Mwaka 1942, kwa ajili ya Vita vya Pili vya Dunia, siku zikawa 120. Asiyelima alitozwa faini au kufungwa. Siku hizo ziliandikwa kwa jina la mwanamume, lakini palizi na uchumaji viliwaangukia pia mke na watoto, baada ya mihogo na mpunga wa nyumbani. Ripoti za mavuno zilipendeza. Siku za wanawake hazikuwa na safu ndani yake. Baadhi ya watu walijipatia pumziko kwa njia ya zamani ya wapagazi: walihama, wakajenga ndani ya msitu, mbali na barabara ya mkaguzi. Serikali iliita huo uvivu. Hukumu hiyo haikuwa ya haki: waliohama waliendelea kulima, ila walilima chakula chao na kwa saa zao.

Kilimo cha lazima cha Wabelgiji kilikoma na uhuru wa 1960. Reli haijafika Kasongo wala Kabambare hata leo, na barabara zilipoharibika wakati wa vita vya tangu 1996, bidhaa nyingi za Maniema zilirudi kusafirishwa kwa nguvu za watu, zikisukumwa juu ya baiskeli kwa siku nyingi njiani.