"Jaribio" na "Nadharia Tete": Funzo la Ndege ya Karatasi

Mwaka 1967 yalitokea mambo mawili yasiyojuana. Mjini New York, jarida la Scientific American lilihitimisha mashindano ya kimataifa ya ndege za karatasi, yaliyopokea ndege zaidi ya 11,000 kutoka nchi 28. Nchini Tanzania, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria. Mashindano yale yalidhihirisha kwamba hata karatasi iliyokunjwa huweza kuulizwa maswali ya kisayansi: itakaa hewani muda gani, itafika umbali gani? Uamuzi wa Tanzania nao ulidai kwamba maswali ya namna hiyo yaulizwe kwa Kiswahili.

Tulitazame somo lenyewe. Mwanafunzi hukunja ukurasa wa daftari, hurusha ndege yake mara tano, hupima umbali kwa futi kamba na kuandika. Kisha huulizwa: tukiibana puani kwa kibanio cha karatasi, itafika mbali zaidi? Hujibu kwanza na kutoa sababu, ndipo hurusha. Ndege ni ile ile, mrushaji ni yule yule. Kilichobadilika ni kimoja tu.

Jibu hilo la kwanza liitweje? "Utabiri" hutaja litakalotokea bila kudai sababu. "Nadharia" peke yake ni fikra iliyokwisha kukomaa. Ndiyo maana likaongezwa "tete", neno lidokezalo uchanga, tukapata "nadharia tete": wazo ambalo jaribio laweza kulithibitisha au kulivunja.

Tatizo kubwa zaidi limo katika neno "jaribio". Shuleni neno hilo hutumika pia kwa mtihani mfupi wa darasani, wenye kufaulu na kushindwa. Mtoto aliyesema ndege itafika mbali, kisha ikamwangukia miguuni, hudhani ameshindwa. Yumkini akabadili tarakimu daftarini zilingane na kauli yake. Hapo sayansi imekwisha, na chanzo ni neno.

Kwa hiyo twapendekeza walimu na watafsiri wa vitabu vya kiada wauite mtihani mfupi "mtihani", na "jaribio" waiachie sayansi. Mtoto hana budi kuelewa kwamba ndege iliyoanguka imejibu swali sawasawa na ile iliyopaa.