Wakili Naye Hurudi Darasani

Somo letu la leo ni la historia, nalo linatoka Marekani. Linahusu mawakili, watu waliosoma sana, na jinsi walivyolazimishwa kurudi masomoni.

Zamani huko Marekani, kijana akiisha kushinda mtihani wa sheria na kula kiapo, hakuna aliyemwuliza tena anajifunza nini. Lakini sheria hazikai mahali pamoja. Mabunge hutunga mpya, na mahakama hutoa hukumu mpya. Fikirini juu ya mjane anayedai nyumba ya marehemu mumewe. Wakili wake akishika sheria iliyokwisha kufutwa, atakayelala nje si wakili. Ni yule mjane.

Mawakili wenyewe waliiona hatari hiyo. Mwaka 1933 taasisi ya kuwafundisha ilianzishwa katika mji wa New York. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mawakili wengi walirudi kutoka jeshini, wakakuta sheria nyingi zimebadilika. Mwaka 1947 chama chao kikuu kikasaidia kuanzisha mpango wa masomo kwa nchi nzima. Lakini masomo hayo yalikuwa ya hiari. Aliyetaka alikuja, asiyetaka alikaa nyumbani. Na mara nyingi asiyejua upungufu wake ndiye asiyekuja.

Mwaka 1975 majimbo ya Minnesota na Iowa yakawa ya kwanza kuiondoa hiari hiyo. Minnesota ilidai saa 45 za masomo kila miaka 3, na Iowa saa 15 kila mwaka. Pigeni hesabu, mtaona ni sawasawa. Majimbo mengi yakafuata, na wakili asiyetimiza saa zake akaweza kusimamishwa.

Angalieni vizuri neno hili, kusimamishwa. Si sawa na kufukuzwa. Wakili aliyekosa masomo haitwi mwizi. Kwa kawaida hupewa taarifa na muda wa kujirekebisha. Akikaidi, huzuiwa kufanya kazi ya uwakili. Akimaliza masomo yake na kulipa ada, huweza kurudishwa. Lakini muda wote huo haruhusiwi kumsimamia mtu mahakamani.

Je, mawakili wote walikubali? La. Jimbo la California lilianza kanuni hii mwaka 1992, likidai saa 36 kila miaka 3. Wakili mmoja hakuzitimiza, akazuiwa kufanya kazi, naye akaenda mahakamani. Aliuliza: mbona majaji waliostaafu, viongozi waliochaguliwa na maprofesa wa sheria wamesamehewa? Mwaka 1997 mahakama ya rufani ilimpa haki. Lakini mwaka 1999 mahakama ya juu kabisa ya jimbo iliitengua hukumu hiyo. Ilisema Bunge lilikuwa na sababu ya kuwasamehe watu wale, kwa kuwa kwa jumla hawashughuliki na wateja daima kama mawakili wengine. Kanuni ikabaki.

Hata hivyo swali moja lilibaki pia. Je, kukaa kitini saa 15 ndiko kujifunza? Mtu aweza kuhudhuria huku akisinzia. Huko Uingereza na Wales, mawakili wanaoshughulika na wateja moja kwa moja walitakiwa kutimiza saa 16 kila mwaka. Mwaka 2016 hesabu hiyo ikafutwa. Badala yake kila mmoja akatakiwa kuupima upungufu wake na kujifunza kile anachokihitaji. Kujifunza hakukufutwa, kilichofutwa ni kuhesabu saa.

Basi, ninyi mliorudi kwenye kalamu na daftari mkiwa watu wazima, msione haya. Hata mwenye shahada hudaiwa masomo, kwa sababu maisha ya mtu mwingine yamo mikononi mwake.

Maswali ya kuzungumza darasani
1. Kwa nini masomo ya hiari hayakutosha?
2. Kusimamishwa na kufukuzwa kuna tofauti gani?
3. Kama ninyi mngetunga kanuni hii, mngehesabu saa au mngepima kazi ya wakili? Toeni sababu.