Chombo na Kilichomo

Msomaji kijana, upitapo Njoro, karibu na Nakuru, wakumbuke watu walioishi huko miaka ipatayo 3,000 iliyopita. Mwaka 1938 Mary na Louis Leakey walichimba pango lililo kando ya Mto Njoro, wakakuta mabakuli ya mawe, vibuyu, na chombo cha mti kilichonakshiwa. Vibuyu na mti havikuoza, kwa kuwa moto uliochoma maiti ulivigeuza makaa. Hata leo wako Wakalenjin wagandishao maziwa katika kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa makaa ya mmea uitwao senetwet. Wajua kwamba chombo hukigeuza kilichomo.

Je, kilichomo nacho hukigeuza chombo? Swali hilo lilijibiwa na plastiki.

Mwezi Machi 1933, huko Winnington, Uingereza, Eric Fawcett na Reginald Gibson walipata kitu cheupe mfano wa nta katika majaribio yao. Hiyo ndiyo polithini. Mwaka 1953 Karl Ziegler wa Ujerumani alipata aina iliyo ngumu zaidi, ambayo siku hizi hufanyiwa mitungi tuionayo sokoni Nakuru.

Sabuni haiyeyushi polithini. Kwa hiyo wengi walidhani haiwezi kuidhuru. Lakini wahandisi wa simu wa Marekani, waliofunika nyaya kwa polithini, waliona mambo mengine. Katika maabara za Bell walichukua kipande, wakakichanja kwa wembe, wakakipinda, kisha wakakizamisha katika maji ya sabuni. Kikapasuka, ingawa hewani kingeweza kustahimili.

Sababu yake ni hii. Plastiki ni nyuzi ndogo mno, ndefu, zilizosokotana. Ukiivuta katika hewa, nyuzi hunyooka polepole, nayo hurefuka sana kabla ya kukatika. Lakini penye mkazo, sabuni hupenya katika nafasi ndogo, hulegeza mshikano wa nyuzi, nazo huchomoka moja moja. Ufa huanza bila plastiki kurefuka. Mafuta ya taa yana tabia nyingine: hunywewa na plastiki, yakaivimbisha na kuilainisha.

Basi, mtungi uliopondeka, ukakaa na sabuni ya maji huku umebanwa na mizigo, waweza kupasuka ghafula na kumwaga mali ya mchuuzi. Usiulize tu chombo kina nguvu gani. Uliza pia kimetiwa nini, na kimebeba uzito gani.