Homa ya Kware

Kabla hajawa dawa ya kisukari, presha na nguvu za kiume kwenye meza za Mwanjelwa, kware alikuwa ndege wa kutegwa. Yule wa porini huishi chini, kwenye nyasi kavu, akihama kufuata mvua. Wajaluo wa kando ya Ziwa Victoria ni mafundi wake wa siku nyingi: husimamisha mti mrefu shambani, hutundika vitundu vyenye kware hai, na wakianza kuimba wenzao hushuka kwenye mitego iliyotegwa chini.

Aliyetupagawisha ni mwingine, kware wa Kijapani. Huko kwao nusura apotee wakati wa Vita Kuu ya Pili. Baada ya vita wafugaji walianza upya na ndege wachache waliosalia.

Homa yake ilipanda Kenya mwaka 2013. Yai la gramu 10 hivi, dogo mara tano kuliko la kuku, liliuzwa hadi shilingi 100 za huko. Sheria ilimhesabu kuwa mnyamapori, kwa hiyo watu wakamiminika kwa Shirika la Wanyamapori kuomba leseni. Mwaka 2014 bei ikaporomoka. Huku kwetu tuliyaona yote hayo, kisha nasi tukaanza.

Sikubali kwamba ulikuwa ujinga tu. Kware wa kufugwa huanguliwa kwa siku 17 hivi, na kwenye wiki ya saba tayari anataga, karibu yai moja kila siku. Ila amefugwa mno hata amesahau kuatamia; lazima mashine. Kwa hiyo mteja mkubwa hakuwa mgonjwa wa kisukari. Alikuwa mfugaji mpya, anayetaka vifaranga, mayai ya kutotolesha na mashine yenyewe. Wafugaji wapya walipokoma kuja, mayai hayakukoma.

Mama mdogo, muuza mchele pale Mwanjelwa, aliuziwa kware na mtu aliyeahidi kununua mayai yote. Simu yake ilipoacha kupatikana, trei zilikuwa zimefika chini ya kitanda. Katika kitabu cha Hesabu, Waisraeli waliahidiwa nyama mwezi mzima, mpaka iwatoke puani, wakaletewa kware. Sisi tulikula mayai, sita sita kwa chai, na mtaji wa mchele mama mdogo akaukopa kwenye kikoba.